Mipeshi Yangu na Kaziye Mbili za Bia

Ulikuwa ule mwaka tuliokunywa chai chungu. Sukari ilipotea mjini, na ndagala, samaki wadogo tuliozoea kuwamwaga sahanini kwa kiganja, wakawa chakula cha wakubwa. Sisi wa mtaa wa Musaga tulikula maharagi yaliyolala asubuhi, maharagi mapya mchana, na jioni sombe, majani ya muhogo, ambayo haikuonja mawese. Bia ndiyo ilikuwa kitu cha kunong'onezana. Wenye baa waliificha chini ya vitanda vyao na kuitolea sura wanazozijua. Mtu akikuambia "kwangu iko moja baridi," ulitoka bila kufunga kamba za viatu.

Nasema hayo ili uelewe kwa nini sikuuliza. Mwaka mwingine ningeuliza. Lakini mtu akikuletea kaziye mbili za bia, kreti nzima nzima, zimejaa, chupa zinatoa jasho, katikati ya mwaka kama ule, nani anauliza zimekuja kufanya nini? Unasema asante na unatafuta kifungulio. Ndivyo nilivyofanya, na kwa kifungulio kile nusura nifungulie watu shamba langu la mipeshi. Mpaka leo nikikaa peke yangu sielewi vizuri nilifungua kiasi gani.

Siku hiyo tulikuwa tunamtoa mtoto nje. Mjukuu wangu, binti wa mwanangu ninayekaa kwake, alikuwa amejifungua. Kwetu mtoto akimaliza siku zake za ndani hutolewa, watu wanakuja kumwangalia, kila mmoja na kinywaji chake. Alikuwa wa kike, kitukuu changu cha kwanza, kichwa kama peshi lililoiva: manyoya laini na shavu moja jekundu kuliko lingine. Nilikaa katikati ya ua kwenye kiti chenye mikono, nimevaa imvutano, vazi langu la sherehe, nanyoosha shingo. Mtu asinilaumu. Wenzangu wa rika langu wengi hawakufika kwenye kiti kile.

Peshi ni lile tunda la manyoya ambalo watu wa Kiswahili cha vitabu huliita pichi. Hapa chini Bujumbura halizai. Joto linaukasirisha mti, unatoa majani tu. Unataka baridi, na shamba langu liko kwenye baridi, kule barabara ya kutoka mjini inapomaliza kupanda mlima na magari yanaanza kupumua. Baba yangu alinipa siku nilipokwenda kuolewa. Shamba la binti namna hiyo tunaliita igiseke: ni la mtoto wa kike, mume haligusi wala kaka hadai. Lilikuwa mteremko wa mawe na ukungu. Kaka zangu walicheka sana. "Baba amempa ukungu," walisema, "akaulime."

Nilikuwa nafagia kwa mapadri wakati ule. Nyuma ya kanisa walikuwa na mipeshi saba, wakila tunda na kutema kokwa chini, nami ndiye niliyefagia kokwa zile. Badala ya kuzitupa nilizifunga kwenye upindo wa nguo. Nilizipanda kwenye mawe yangu, mume wangu akasimama mikono kiunoni.

"Miti ya wazungu hiyo," alisema. "Itakuzalia wazungu."

Ilizaa mapeshi. Na yeye ndiye aliyekula la kwanza, bila aibu, maji yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko.

Sasa sikiliza mji ulivyozaliwa, maana wale wanaojenga pale leo wanadhani ulishuka na mvua. Pale kwenye kona hapakuwa na kitu, ila mikalitusi mitatu na barabara. Siku moja basi kubwa likaharibika, abiria wakakaa kwenye majani tangu asubuhi. Nikashusha kikapu kimoja. Kiliisha kabla sijamaliza kusalimia watu. Kesho yake nilirudi. Basi halikuharibika tena, lakini niliinua peshi moja juu, hivi, gari la kwanza likasimama. Wiki iliyofuata walikuja wanawake wengine wawili, ambao kokwa niliwapa mimi. Magari yaliposimama, akaja wa mahindi ya kuchoma. Akaja wa kuziba tairi. Akaja wa brosheti, na kwa kuwa nyama inataka kushushiwa, ikaja baa. Kwa kuwa kulikuwa na baa, likaja kanisa la kuwakemea. Likaja duka la dawa. Ikawa santere, kijiji cha maduka, kisha ikawa mji, wenye umeme siku ukipenda. Unauliza mji ule nani mama yake? Mimi. Nilisoma madarasa manne tu, lakini mji nimezaa.

Na kama watoto wengine, ulipokua ukaanza kumla mama yake. Mipeshi ya mbele ilikatwa mmoja mmoja, pakawekwa ukuta. Mapeshi yanayouzwa barabarani sasa yanatoka kilima cha nyuma, yanabebwa kwa baiskeli. Mipeshi inayoiona barabara ilibaki yangu tu, arobaini na mmoja.

Aliyeleta bia alikuwa jirani wa mipeshi hiyo. Tulimwita bwana wa misumari. Alikuja pale na toroli moja la misumari, leo anauza simenti, mabati na milango ya chuma, na ukuta wa duka lake unaegemea mpeshi wangu wa mwisho. Kumwona Musaga, amevaa suti, nyuma yake vijana wanne wamebeba kaziye mbili, moyo wangu ulifurahi. Nikawaza: ona, sifa ya kitukuu changu imepanda mpaka juu mlimani.

Kwetu hakuna anayeweka bia chini kimya kimya. Lazima asimame, aongee, na maneno ya bia ni marefu kuliko bia yenyewe. Bwana wa misumari aliongea. Aliongea juu ya mvua, juu ya barabara, juu ya baba yangu ambaye hakumjua. Alisema majirani ni kama vidole. Watoto walikuwa wanalia, ngoma za jirani zinapigwa, mukamwana wangu, mke wa mwanangu, ananiuliza sikioni kama wali utatosha. Mwisho alifungua chupa moja, akaishika kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo.

"Mama," alisema, "kwa mema yote uliyotutendea, kunywa wewe wa kwanza."

Nikanywa wa kwanza. Ilikuwa baridi, jamani. Ilishuka kama habari njema. Watu wakapiga makofi, nami nikasimama nikasema maneno. Niliyasema kwa sauti, nakumbuka sauti, nakumbuka mkono wangu ulivyokwenda juu. Maneno yenyewe sikumbuki.

Jambo la kwanza lililonichanganya lilikuwa chupa tupu.

Mtu wa Bujumbura anaweza kusahau mwavuli wake kwenye sherehe, anaweza kusahau mke, lakini chupa tupu hasahau. Bila chupa tupu hupewi zilizojaa, na mwaka ule chupa tupu ilikuwa kama kitambulisho. Kesho ya sherehe asubuhi watu walikuwa mlangoni: yangu sita, yangu kumi, ile yenye mdomo uliomeguka si yangu. Walichukua zote. Kaziye mbili za bwana wa misumari zikabaki kwenye kolido. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Mukamwana wangu alijikwaa kwazo kila alipokwenda na ndoo.

"Mabukwe," aliniambia, "huyu mutu wenu wa mulima iko tajiri namna gani? Anaacha kaziye mbili kama maganda ya ndizi!"

"Anatuheshimu," nikamjibu.

"Mi sitaki heshima kwa kolido. Niliisha vunja kidole."

Nilicheka, lakini usingizini chupa zile ziliniangalia.

Mapeshi yanaiva mwishoni mwa mwaka, mvua zikiwa zimeshika. Nilipanda juu kuvuna, kama kila mwaka. Petroli ilikuwa haba, nikaomba nafasi kwenye lori la kabichi linalorudi mlimani tupu, nikakaa mbele na dereva kama bibi harusi. Nikamwambia anishushe kwenye mikalitusi mitatu.

"Mukecuru," aliniambia, maana wa huko huwaita hivyo bibi wazee, "mikalitusi gani? Ilishakuwa mbao."

Alinishusha. Nikasimama. Jamani, nilipotea. Nilipotea katika mji nilioufungua kwa kikapu. Kulikuwa na nyumba zimepakwa rangi za kampuni za simu, nyekundu na manjano, muziki unatoka milango mitano, na kila mlango unaimba lake. Nilikwenda upande wa kushoto nikakuta vyoo. Nikarudi. Nilitafuta jiwe kubwa nililokuwa nakalia nikinyonyesha, nikakuta kituo cha petroli kisicho na petroli. Miguu ilikuwa inajua mteremko, macho yanakataa. Nikamfuata dada mmoja mwenye kikapu cha mapeshi kichwani.

"Binti yangu, shamba la zamani la mipeshi liko wapi?"

"Lile la bibi wa mjini? Pita nyuma ya simenti. Lakini liliisha uzwa."

"Limeuzwa na nani?"

"Na bibi mwenyewe. Si alikunywa? Banasema alikunywa kaziye mbili!"

"Peke yake?"

"Ah, wazee ba zamani bana matumbo!"

"Binti yangu," nilisema, "bibi huyo ni mimi."

Alifunga mdomo kwa mkono, na kwa mkono mwingine akanipa peshi. Nililishika tu. Sikujua nile au nilie.

Hapo ndipo kile kitu kiliponiingia kichwani, polepole, kama maji chini ya mlango. Kule kwetu anayepewa shamba huleta bia. Jina lake ni agashikanwa. Mwenye shamba huinywa wa kwanza, mbele ya mashahidi, na watu wakipiga makofi neno limefungwa, karatasi au bila karatasi. Bia ya karamu, chupa zake hurudi kwa mwenyewe. Bia ya shamba, chupa zake hubaki kwa aliyeinywa, ziwe ukumbusho. Baba yangu alikuwa na mtungi wa namna hiyo nyuma ya mlango miaka yote. Najua desturi hiyo kama jina langu. Lakini mimi naijua kwenye mtungi, pombe ya ndizi, mrija wa tete, wazee wamekaa kwenye majani. Nani alinifundisha kuitambua kwenye kaziye za plastiki, Musaga, mtoto akilia mapajani?

Nyuma ya simenti nilikuta mipeshi yangu imejaa matunda mpaka matawi yameinama, na kila shina lina mstari wa chokaa. Fundi alikuwa anavuta kamba kutoka mti hadi mti. Bwana wa misumari alitoka na mwavuli.

"Mama! Karibu kwetu!"

Kwetu. Alisema kwetu, na miguu yangu iko kwenye mawe ya baba yangu.

"Chokaa hii ni ya nini?" nikauliza.

"Ghorofa, mama. Vyumba vya wasafiri. Chumba kimoja nitakipa jina lako. Vuna kwanza, mama, vuna bila haraka. Mi si mutu mubaya. Tutakata mukimaliza."

"Nani alikupa?"

Aliniangalia kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitisha. Hakuwa na macho ya mwizi. Alikuwa na macho ya mtu anayemwangalia bibi aliyesahau.

"We ndiye ulinipa, mama," alisema. "Tulikunywa."

Nilirudi mjini na vikapu viwili na kichwa kilichojaa nyuki. Mwanangu alikuwa amerudi kutoka ofisini kwake Rohero, amevua tai, anakula. Huyu nilimsomesha kwa mapeshi, kila kalamu yake ilikuwa na manyoya. Nikaweka kikapu mezani juu ya sahani yake.

"Ile bia ya mutoto," nilisema, "ilikuwa ya mutoto?"

Aliacha kutafuna. Mtoto uliyemzaa huhitaji kumsikia. Uso wake ulikuwa umejibu.

"Mama, we kaa kwanza."

"Nimekaa miaka mingi. Sema."

"Yule mzee wa misumari ana kiwanja huku chini, upande wa Kibenga, karibu na ziwa. Anatupa, na sisi tunamwachia mipeshi. Tutajenga, mama. Tutatoka kwa nyumba za watu. Mutoto wetu atakuwa na kwao. Mi nilimwambia aje aongee na wewe, na alikuja, akaongea."

"Aliongea katikati ya ngoma!"

"Ulikunywa wa kwanza."

"Nilikunywa kwa sababu nina kitukuu!"

"Mama, mipeshi imezeeka. Na wewe, usikasirike, na wewe umezeeka. Nani atapanda kule na kikapu? Mi na hii tumbo?"

Aliongea kweli. Goti langu la kushoto linapanda mlima siku mbili baada yangu. Na kitu kibaya zaidi: nilipoangalia mtoto amelala kwenye godoro la sebuleni la nyumba ya watu, nilisikia moyo wangu unasema, mwachie. Moyo mmoja unasema mwachie, mwingine unasema wewe ni mwendawazimu. Niligeuka kuangalia kolido, nikaona kaziye zile, na mdomo ukajibu kabla sijachagua moyo.

"Apana. Bia nilikunywa, shamba sikutoa."

"Watu walipiga makofi, mama."

"Apana. Bia nilikunywa, shamba sikutoa."

Alitoka nje. Usiku ule hakuna aliyekula mapeshi.

Lakini je, nilitoa? Hilo ndilo lililonitesa. Nilikwenda kwa waliokuwapo. Jirani wa upande wa kuume, mama wa Kiislamu mwenye duka la vitambaa, ambaye alikuja na juisi zake, alisema: "Wallahi, ulimwombea yule mtu baraka ya mahali pa kukaa." Mzee wa kwaya alisema apana, niliimba. Mukamwana wangu alisema nililia, nikamtaja baba yangu, halafu nikaomba wali. Watu watatu, bibi watatu. Nikajaribu kumkumbuka wa nne, yule niliyekuwa mimi, nikakuta mkono juu na mdomo unaofunguka bila sauti, kama samaki.

Nilikwenda pia kuona kiwanja. Sikumwambia mwanangu. Nilishuka Kibenga na mjukuu wangu, mtoto mgongoni kwake. Ziwa limepanda miaka hii, kila mtu anajua, limekula barabara na mageti ya watu wakubwa. Tulikuta nguzo nne za mpaka wake, mbili kwenye mchanga, mbili kwenye maji, na kati yake matete. Mvuvi mmoja aliyekuwa anashona wavu alituonya tusisogee.

"Iko kiboko," alisema. "Analala hapo muchana."

"Hapo wapi?" mjukuu wangu akauliza.

"Hapo katikati."

Mjukuu wangu alicheka mpaka mtoto akaamka. "Bibi, tutamwekea kiti cha sebuleni!"

Mimi sikucheka. Nilikuwa najiuliza kama mwanangu aliona maji yale au alionyeshwa karatasi tu. Nikajiuliza pia kama ziwa litarudi. Maana likirudi, ni kiwanja kizuri. Unaona? Hata kiboko hakunisaidia kuelewa.

Kwa desturi, anayetaka kufungua neno la agashikanwa anarudisha bia, sawa na ile aliyokunywa. Basi nikaanza kutafuta kaziye mbili. Katika mwaka ule! Nilizunguka Rohero, nilizunguka maduka yanayozunguka mahali soko letu kubwa lilipoungua, nikaambiwa kesho. Nikaenda kesho, nikaambiwa lete chupa tupu. Nikaleta chupa tupu, nikaambiwa we ni nani. Mimi! Mimi niliyesimamisha magari kwa peshi moja, naulizwa mimi ni nani na kijana aliyekalia pipa. Wiki mbili sikupata hata chupa moja ya kuonjesha.

Nikaamua kupanda na nilicho nacho.

Lori lile lile la kabichi lilitubeba: mimi, mjukuu wangu, mtoto, na kaziye mbili za chupa tupu zinazogongana kwenye kila kona. Mwanangu alikuja kwa gari la rafiki, peke yake. Bashingantahe, wale wazee wa kilima wanaosikiliza mashauri, niliokuwa nimewatumia neno, walikuwa wamekaa watano nyuma ya duka la simenti, kwenye mabenchi, mbele ya mipeshi yangu. Bwana wa misumari alikuwa amevaa suti ile ile. Nikaomba kaziye ziwekwe chini, katikati.

Mzee wa kwanza aligonga ardhi kwa fimbo yake. "Mukecuru, bia hii ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Wa kwanza?"

"Wa kwanza. Na ya pili pia nilikunywa, kama unataka kujua."

Wanawake wa mapeshi, waliokuwa wamejaa ukutani, walicheka. Mzee hakucheka.

"Watu walipopiga makofi ulijibu nini?"

Ningeweza kudanganya. Mjukuu wangu alinibana mkono, najua alitaka nidanganye.

"Sikumbuki," nikasema. "Nimewauliza watu, kila mmoja ananipa bibi wake. Sijui mdomo wangu ulisema nini siku ile. Nilikuwa na furaha."

Bwana wa misumari alipumua kama mtu aliyetua mzigo. Mzee mmoja mwenye kofia alisema, "Asiyekumbuka alichosema atakataaje?" Na kweli, nikawaza, nitakataaje? Nikaangalia mipeshi. Mapeshi yaliyobaki yalikuwa yameanguka, nyuki wanayatembelea kwenye majani, na chokaa imeanza kuoshwa na mvua. Nikaona kokwa kwenye udongo. Nikasema jambo moja tu ambalo nilikuwa na uhakika nalo.

"Muulizeni yeye kama alisema jina la bia yake. Mbele ya watu, alisema hii ni agashikanwa? Alitaja shamba?"

Fimbo ikagonga. Bwana wa misumari aliangalia viatu vyake.

"Ilikuwa sherehe ya mutoto," alisema. "Sikutaka kuharibu. Na mwanawe alijua, nikafikiri mama anajua."

Mzee alimgeukia mwanangu. "Wewe ulijua ni bia ya nini?"

Mwanangu alikuwa na simu mkononi. Aliiweka mfukoni, akaitoa tena, akaiweka. Mtoto alikuwa anamwangalia babu yake kutoka mgongoni kwa mama yake, na nadhani ni macho yale yaliyomsemesha.

"Nilijua," alisema.

"Na mama yako?"

"Sikumwambia. Nilifikiri akinywa, basi."

Sikusikia furaha. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumfunika kwa nguo yangu wasimwone. Wazee waliinamisha vichwa pamoja, wakanong'ona muda mrefu, huku wanawake wanatema kokwa chini bila kufikiri. Kisha mzee wa kwanza akasimama. Kwao neno linaulizwa mara tatu, ili mtu asiseme kesho kwamba alikuwa na njaa au hasira, na jibu la tatu ndilo linalobaki.

"Mukecuru, bia ya mutu huyu iko tumboni mwako. Shamba ni lake?"

"Apana. Bia nilikunywa, shamba sikutoa."

Fimbo ikagonga. "Mwanao anataka kujenga kwenye kiwanja cha mutu huyu. Mipeshi imezeeka. Shamba ni lake?"

Nilimwangalia mwanangu. Ziwa lilinijia, na kiboko, na godoro la sebuleni, na goti langu, na mume wangu mwenye maji kwenye kiwiko. Vyote pamoja, kimoja kinamsukuma kingine.

"Apana. Bia nilikunywa, shamba sikutoa."

Mara ya tatu mzee hakuongeza neno. Aligonga tu ardhi na kunitazama, na sikujua kama ananionea huruma au ananingojea nichoke. Nikainama, nikasukuma kaziye mbili kwa mguu wenye goti bovu mpaka zikagusa viatu vya bwana wa misumari. Chupa zikalia.

"Apana. Bia nilikunywa, shamba sikutoa."